SAFARI YA DELHI: MAELEZO MBELE YA MKUTANO MKUU

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka. Imechapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri.)



Halmashauri imetuagiza tusimame mbele yenu tueleze habari za safari ya Delhi, mji mkuu wa India, ambayo Chama kiliigharimia mwaka uliopita ili mwenzetu mmoja akatibiwe moyo. Hesabu ya fedha mmekwisha kuiona katika ukurasa wa Mtunza Hazina. Lakini hesabu ni tarakimu tu, nasi tumesikia kwamba nje ya mkutano huu yako maneno. Imesemwa kuwa karani alikwenda kutembea na kupiga picha mbele ya majumba ya wafalme, hali wajane wa Chama wakingoja msaada wao. Maneno hayo hatuyachukii. Fedha ni jasho la watu, na mwenye jasho ana haki ya kuuliza. Basi tutasema yote: tulikokwenda, tulichokiona, tulichotumia, na kosa tulilolifanya, maana kosa lipo, wala hatutalificha.

Tulisafiri watu watatu: mgonjwa wetu, mkewe, na karani wenu. Tulitoka Mombasa mwezi wa Februari, tukapitia Nairobi, tukashukia Mumbai, na kutoka huko ndege nyingine ikatufikisha Delhi. Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, na ile nusu ilitusumbua siku nyingi kuliko zile mbili. Mgonjwa alilazwa siku ya pili. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa, nao madaktari wakamtilia mwingine. Alikaa hospitali siku kumi na moja. Baada ya hapo daktari alitwambia kwamba hawezi kupanda ndege mpaka damu yake ipimwe mara kadhaa na dawa zake zisawazishwe, kwa hiyo tukae mjini majuma matatu zaidi. Akaongeza agizo moja: mgonjwa asilale mchana kutwa, bali atembee kila siku, kidogo kidogo. Hapo ndipo matembezi yalipoanza. Tunaomba jambo hili lieleweke: katika siku zile kumi na moja za hospitali hatukwenda kuangalia kitu chochote. Njia tuliyoijua ilikuwa moja, ya kutoka nyumba ya wageni hadi wodini.

Siku za kwanza mzee alitembea katika uwanja wa nyumba ya wageni tu, akiuzunguka mwembe mmoja kama ng'ombe wa kinu. Siku ya nne akasema, "Nimeuzunguka mti huu wa kutosha. Nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto habari za Delhi miaka ishirini, nami sijauona hata mnara wake. Nipelekeni." Tukaomba ruhusa kwa daktari, naye akatuandikia.

Delhi, wazee wetu, si mji mmoja. Wenyeji hupenda kuhesabu miji saba iliyojengwa mahali pale na wafalme mbalimbali, kila mmoja akiuacha mji wa mwenziwe na kujenga wake. Wa mwisho ni New Delhi, uliojengwa na Waingereza baada ya Mfalme George wa Tano kutangaza, Desemba 1911, kwamba makao makuu ya serikali yatahamishwa kutoka Calcutta. Ulifunguliwa rasmi Februari 1931. Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1947, waliokuwa wameujenga wakaondoka, wakauacha kwa wenye nchi.

Usafiri wao ni wa kusifiwa. Kuna treni za umeme zilizoanza Desemba 2002, nyingine zikipita chini ya ardhi na nyingine juu ya madaraja, na leo njia zake zimepita kilomita mia tatu na hamsini. Nauli ni ndogo, behewa moja limetengwa kwa wanawake, na stesheni zina lifti, jambo lililotufaa sana kwa sababu ya mgonjwa. Kila abiria hupekuliwa kabla ya kuingia. Sehemu kubwa ya matembezi yetu ilikuwa kwa treni hizo.

Mahali pa kwanza palikuwa Qutb Minar, upande wa kusini wa mji. Ni mnara wa mawe mekundu uliochongwa maandishi ya Kurani kuuzunguka, wenye kimo cha karibu meta 73 na ngazi 379 ndani yake. Ulianzwa mwishoni mwa karne ya kumi na mbili na Qutb-ud-din Aibak, ambaye alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mtawala, na aliyemfuata, Iltutmish, akauendeleza. Radi iliupiga katika karne ya kumi na nne, na Sultani Firoz Shah akautengeneza. Zamani watu walipanda mpaka juu. Lakini tarehe 4 Desemba 1981 taa zilizimika ndani, wageni wakashikwa na hofu, wakasukumana gizani kwenye ngazi nyembamba, na watu 45 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Tangu siku ile watu hawaruhusiwi kupanda. Mzee wetu, aliyewaongoza watoto wengi katika safari za shule, aliposikia habari hiyo alivua kofia akasimama kimya.

Katika uwanja ule ule imo nguzo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya meta saba na uzito wa zaidi ya tani sita. Umri wake ni kama miaka 1,600, nayo imesimama katika mvua na jua pasipo kuliwa na kutu. Wataalamu wameeleza sababu yake: chuma kile kina fosforasi nyingi, nayo hufanya utando mwembamba juu ya chuma unaozuia kutu isipenye. Wafua chuma wale hawakuwa na vitabu vyetu vya sayansi, lakini kazi yao imezishinda bati za nyumba zetu za Likoni, ambazo upepo wa bahari huzimaliza kwa miaka kumi.

Hapo pana jambo linalotuhusu watu wa pwani. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Morocco, alipita katika mji wetu huu wa Mombasa mwaka 1331. Alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea hadi Kilwa; naye aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Miaka michache baadaye akafika Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq akamfanya kadhi, naye akaueleza mnara ule katika habari za safari zake. Basi mtu aliyeona Mombasa yetu na Delhi yao alikuwako karibu miaka mia saba iliyopita. Hatukuwa wa kwanza kuikanyaga njia hiyo.

Mahali pa pili palikuwa Ngome Nyekundu, iliyojengwa na mfalme Shah Jahan tangu 1639 hadi 1648. Kuta zake ni kama mlima. Ndani yake kiliwekwa kile kiti cha enzi cha tausi, kilichopambwa kwa vito, mpaka mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi alipoushika mji na kukichukua. Na katika ngome ile ile mfalme wa mwisho wa ukoo huo, mzee Bahadur Shah, alihukumiwa na Waingereza mwaka 1858 kwa sababu ya maasi ya mwaka uliotangulia, akapelekwa uhamishoni Rangoon, akafia huko 1862. Leo, kila tarehe 15 Agosti, Waziri Mkuu wa India hupandisha bendera juu ya kuta hizo na kuhutubia taifa. Karibu na ngome upo Msikiti wa Ijumaa, kazi ya mfalme yule yule, uliomalizika 1656, ambao watu wapatao 25,000 waweza kusali katika uwanja wake. Kati ya majengo hayo mawili na barabara ya Chandni Chowk mna msongamano ambao hata soko letu la Kongowea siku ya mwisho wa mwezi haliufikii. Hatukukaa sana, kwa kuwa vumbi na moshi vilimkohoza mgonjwa.

Siku nyingine tulikwenda kwenye India Gate, nasi tunaomba ruhusa tukae hapo kidogo. Ni lango kubwa la mawe, meta 42 kwenda juu, lililobuniwa na Edwin Lutyens na kufunguliwa mwaka 1931. Ni ukumbusho wa askari wapatao 70,000 wa jeshi la Kihindi waliokufa katika vita ya kwanza ya dunia na vita vilivyofuata mara baada yake. Juu ya lango yamechongwa majina ya nchi walikokufa. Tulisoma Ufaransa, tukasoma Mesopotamia, kisha macho yetu yakagota: East Africa. Yaani huku kwetu. Mtakumbuka kwamba jeshi lililotoka Bombay lilipita Mombasa mwishoni mwa Oktoba 1914, likaenda kupigana Tanga mwanzoni mwa Novemba na kushindwa vibaya. Na kwenye kuta za lango yamechongwa majina ya watu zaidi ya 13,000.

Mzee wetu alisoma majina yale, ingawa si yetu, mpaka shingo ikamuuma. Kisha akatuuliza, "Babu yangu alichukuliwa Kariakoo, akabeba mizigo ya vita hiyo hiyo, asirudi. Jina lake limechongwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Pale Nairobi, barabara ya Kenyatta, ziko sanamu tatu za shaba, na moja yao ni ya mpagazi. Sanamu hiyo ni heshima, lakini haina jina. Wapagazi wa Afrika waliokufa kwa njaa, homa na kuhara walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao majina yao hayakuwekwa mahali popote. Kilichobaki ni jina la mtaa wa Kariokor kule Nairobi na soko la Kariakoo kule Dar es Salaam, na watu hununua nyanya pale pasipo kujua ni kilio cha nani. Tutalirudia jambo hili mwishoni.

Kutoka langoni hapo barabara pana iliyonyoka huenda mpaka Ikulu ya Rais wa India, jumba la vyumba 340. Majengo mawili makubwa ya serikali yaliyo mbele yake yalibuniwa na Herbert Baker, yule yule aliyebuni Ikulu yetu ya Nairobi na Nairobi School, ambayo zamani iliitwa Prince of Wales. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya shule ile ataona zile nguzo na matao, akadhani amekutana na ndugu wawili wa mama mmoja. Mwenye kutawala alikuwa mmoja, hata fundi wake akawa mmoja.

Tulizuru pia Raj Ghat, mahali mwili wa Mahatma Gandhi ulipochomwa kwa desturi za dini yake tarehe 31 Januari 1948, siku moja baada ya kupigwa risasi. Baada ya kuta na makuba ya wafalme tulitazamia kaburi kubwa. Tulikuta jukwaa la marumaru nyeusi, wazi juu, maua kidogo na taa isiyozimwa. Unavua viatu, unazunguka, unaondoka. Hakuna anayetozwa kiingilio. Mama, mke wa mgonjwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alisema, "Huyu ndiye niliyemwelewa."

Lakini mahali palipotufundisha zaidi, sisi watu wa chama cha kusaidiana, ni hekalu la Masingasinga liitwalo Gurdwara Bangla Sahib. Mwaka 1664, wakati tauni ya ndui na kipindupindu ilipoenea Delhi, kiongozi wao wa nane, Guru Har Krishan, alikaa katika jumba lililokuwapo pale. Alikuwa mtoto ambaye hajatimiza miaka minane. Aliwahudumia wagonjwa na kuwapa maji ya kisima cha jumba hilo, kisha naye akashikwa na ndui akafa. Mpaka leo mahali pale hupikwa chakula kila siku kwa maelfu ya watu, bure, bila kuuliza dini wala kabila. Wote huketi chini, mstari mmoja, tajiri na ombaomba, na wanaokanda unga na kuosha sahani ni watu wa kujitolea. Pengine aoshaye sahani yako ni mwenye duka kubwa.

Wengi wenu mmekula katika hekalu lao la Makindu mkisafiri njia ya Nairobi, nanyi mwajua kwamba hakuna uwongo katika habari hii. Tulikula mkate wa chapati, dengu na wali wa maziwa. Tulipomaliza, mzee akakataa kuondoka. Akasema mtu asiyeweza kubeba sufuria aweza kumenya vitunguu saumu, na akakaa akimenya muda wa saa nzima pamoja na wazee wa pale, wasiojua Kiswahili wala yeye kujua lugha yao. Tangu alipougua, hiyo ndiyo saa ya kwanza tuliyomwona akifanya kazi, naye alirudi nyumbani akiimba. Tukajiuliza: chama chetu huwalisha watu siku ya matanga tu. Je, haiwezekani walio hai nao wakaribishwe mezani?

Tulifika pia kwenye kaburi la mfalme Humayun. Mfalme huyu alikufa mwaka 1556 kwa kuteleza kwenye ngazi za maktaba yake, na mkewe ndiye aliyeagiza lijengwe jengo lile kubwa, lililomalizika karibu mwaka 1570. Lilikuwa limechakaa sana, na shirika la Aga Khan, ambalo jina lake mwalijua kwa hospitali na shule zake hapa Mombasa, lilifanya kazi miaka mingi pamoja na serikali ya India kulitengeneza. Kazi kubwa ilimalizika 2013. Nyumba nyingine za ibada na bustani tulizipita upesi, kama lile hekalu la Wabahai lililofunguliwa 1986, lenye umbo la ua la yungiyungi na petali 27 za marumaru, ambamo watu huingia na kuketi kimya, kila mtu na sala yake.

Sasa tumefika kwenye kosa letu.

Mzee alikuwa na tamaa moja iliyobaki: kuuona Taj Mahal, ulioko katika mji wa Agra, kiasi cha kilomita mia mbili kutoka Delhi. Daktari alikubali baada ya kipimo cha mwisho. Tulikwenda stesheni kubwa ya Delhi kununua tikiti. Mlangoni tukapokewa na kijana nadhifu, amevaa kitambulisho shingoni, akatwambia kwa upole kwamba ofisi ya tikiti za wageni imefungwa na kazi yake imehamishiwa mtaa wa pili. Tukamfuata. Katika ofisi hiyo tukaelezwa kuwa treni zote zimejaa, lakini motokaa inapatikana, nayo italetwa kesho alfajiri. Tulilipa rupia 6,000, zaidi kidogo ya shilingi 9,000 za kwetu, tukapewa risiti yenye muhuri. Alfajiri tukangoja mpaka jua likawaka. Motokaa haikuja. Tuliporudi kwenye mtaa ule, mlango ulikuwa na kufuli. Tuliporudi stesheni tukaikuta ofisi ya wageni pale pale ghorofa ya kwanza, imefunguliwa, na hajapata kusikia mtu yeyote habari ya kuhamishwa kwake.

Fedha zile hazikuwa zetu. Zilitoka katika bahasha ya dharura ambayo Halmashauri ilitukabidhi kwa ajili ya mgonjwa. Tulijiambia kwamba ni mkopo wa siku mbili, kwa kuwa tutajazia kwa fedha zetu tutakapobadilisha. Ndugu wanachama, mwizi alikuwa yule kijana. Lakini aliyefungua bahasha ni sisi. Laiti mgonjwa angezidiwa usiku ule, tungelipa nini? Karani aliyesoma kwa wamisheni, aliyekariri tangu utotoni kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa, hakuwa na udhuru. Tulipofika Mombasa tulimwarifu Mwenyekiti siku ile ile, na kiasi hicho tumekirudisha chote kwa mishahara ya miezi miwili. Risiti ya Mtunza Hazina iko mezani. Viingilio vyote vya majengo, na nauli ya kwenda Agra, tulilipa kutoka mifukoni mwetu sisi watatu. Hakuna hata senti moja ya Chama iliyonunua tikiti ya kutazama ukuta.

Hatimaye tulikwenda Agra kwa treni ya haraka, mwendo wa saa moja na dakika arobaini hivi. Mgeni hulipa pale rupia 1,100, na 200 zaidi akitaka kuingia kaburini; mwenyeji hulipa 50. Mtu asiende siku ya Ijumaa, maana hufungwa kwa watalii. Habari zake mwazijua: Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan, alikufa mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, na mwaka uliofuata mfalme akaanza kumjengea kaburi la marumaru nyeupe. Kazi yote, pamoja na bustani na majengo ya pembeni, ilichukua kama miaka ishirini, na inakadiriwa kuwa watu 20,000 waliifanya. Mfalme mwenyewe alipougua, mwanawe Aurangzeb alimnyang'anya ufalme mwaka 1658 na kumfunga katika ngome ya Agra. Akakaa humo miaka minane akilitazama kaburi la mkewe kwa mbali, ng'ambo ya pindo la mto, mpaka akafa 1666.

Picha za Taj Mahal hazisemi kweli, kwa kuwa picha haina ukubwa wala haibadiliki rangi. Tulipofika asubuhi lilikuwa kama maziwa. Jua lilipopanda likawa jeupe la kuumiza macho. Mzee hakutaka kuingia ndani. Aliketi kwenye benchi la bustani pamoja na mkewe, nasi tukasimama kando. Baada ya muda mrefu alisema, "Mama watoto, huyu bwana alimjengea mkewe alipokwisha kufa. Mimi wangu yu hai, na jiko lake linavuja. Tukifika nyumbani nitaliezeka." Mama akacheka mpaka wageni wengine wakageuka. Wanachama wanaokaa karibu nao watashuhudia kwamba jiko hilo lina bati mpya. Na mwenyewe ameketi hapa mbele yenu, safu ya kwanza, hali amekuja kwa miguu yake kutoka kituo cha matatu.

Bwana Mwenyekiti, mtu aliyetumwa huleta ripoti, na mwenye ripoti huleta maombi. Yetu ni matatu.

La kwanza, bahasha ya dharura ya safari za matibabu isishikwe na mtu mmoja. Ishikwe na wawili, na pawe na daftari inayoandikwa kila jioni. Tunasema haya kwa kuwa tumejua udhaifu wetu wenyewe.

La pili, atakayepelekwa ng'ambo apewe kwanza maelezo kwa maandishi: asimfuate mtu anayemngoja mlangoni mwa stesheni; ajue siku za kufungwa, kwamba Ngome Nyekundu na hekalu la Wabahai hufungwa Jumatatu na Taj Mahal Ijumaa; na asione aibu kumtoa mgonjwa nje atakapopona kidogo. Dawa za hospitali zilimponya mzee wetu moyo. Kumenya vitunguu saumu kulimrudishia hamu ya kuishi.

La tatu latoka kwa mzee mwenyewe, naye ametuomba tulitamke kwa niaba yake. Chama hiki kimezika wanachama wengi tangu kuanzishwa, nasi tulipofungua vitabu tuliona gharama za kila jeneza, kila lori na kila gunia la mchele. Lakini majina ya waliozikwa katika miaka ya mwanzo hayamo. Imeandikwa tu "mazishi, mwanachama mmoja". Tunaomba kila familia ilete majina ya watu wake, pamoja na majina ya babu waliochukuliwa Kariakoo wasirudi, tuyaandike katika kitabu kimoja kitakachowekwa ofisini. Hatuna mawe ya kuchonga wala fundi kama Lutyens. Wino tunao.

Mzee ameleta jina la kwanza. Ni la babu yake, nasi tumekwisha liandika juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake pako wazi. Kitabu kitakuwa mezani kwa Katibu mpaka mkutano utakapofungwa, na baada ya hapo kila Jumamosi asubuhi.